Saa ya Serikali na Mayai ya Bi Mashavu

Nchi ninayoisema haipo kwenye ramani, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asinivute pembeni kuniambia kwamba waziri wake anamfahamu. Hamfahamu. Mimi nimefanya kazi chini ya waziri huyo miaka kumi na saba na simfahamu. Ninachofahamu ni mita. Jina langu ni Sefu Mkomwa, msoma mita wa Shirika la Umeme, eneo langu ni mtaa wa Mabanda Tisa, na watu wananiita Bwana Mita hata msibani.

Kwetu saa tunazihesabu kutoka kwa jua. Likichomoza ni saa kumi na mbili. Likishapanda muda wa mtu kupika uji, kuunywa na kugombana kidogo na jirani, ni saa moja. Na kwa kuwa nchi yetu imekaa katikati kabisa ya dunia, jua halina tabia ya kubadilika. Desemba linachomoza saa kumi na mbili, Juni saa kumi na mbili, siku ya harusi na siku ya matanga saa kumi na mbili. Hakuna mtumishi wa umma mwenye rekodi ya namna hiyo, na nadhani ndiyo maana liliwaudhi wakubwa.

Sasa Waziri wa Umeme na Majira, Mheshimiwa Dokta Saburi Lukwaro, alisafiri siku arobaini katika nchi za baridi kwenda kujifunza kwa nini umeme wetu hautoshi. Sisi watu wa chini tulidhani angeweza kujifunza hapa hapa, kwa kwenda bwawani kutazama ile mitambo mitatu ambayo miwili ni mibovu na wa tatu umefugiwa popo. Lakini mawazo ya mtu wa chini hubaki chini. Huko baridini Mheshimiwa aliona ajabu: kiangazi kikiingia watu wanasogeza saa zao mbele kwa saa moja, na jioni wanakaa nje wanakunywa vinywaji bila taa. Aliuliza kwa nini, akaambiwa inaokoa umeme. Kwamba jua la kiangazi la huko hutoka mapema mno, watu wakiwa bado wanakoroma, hilo hakuuliza, maana chakula kilikuwa kimeshaandaliwa.

Akarudi, akahutubia uwanja wa ndege.

"Ndugu wananchi," alisema, "miaka yote hii tumekuwa tukilitumikia jua. Kuanzia Jumatatu, jua litatutumikia sisi."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu nilipangwa mstari wa mbele, na wa mstari wa mbele hupiga.

Jumatatu hiyo palifanyika sherehe ya kulipokea jua katika utumishi wake mpya. Saa zote za nchi zilikuwa zimesogezwa mbele. Bendi ilikuwepo, zulia lilikuwepo, Mheshimiwa alisimama kifua mbele akielekea mashariki, na saa kumi na mbili kamili ya Serikali bendi ikapiga. Giza. Bendi ikapiga tena. Giza vilevile, na mbu. Tulisimama pale saa nzima tukipigana na mbu kwa heshima, mpaka jua likachomoza pale pale linapochomozea siku zote, bila haraka na bila aibu. Saa ya Serikali ilikuwa inasema saa moja.

"Limechelewa," alisema Mheshimiwa.

Kesho yake Wizara iliandika barua ya kulitaka jua lijieleze, ndani ya siku saba, kwa nini lisichukuliwe hatua za kinidhamu. Tarishi wa Wizara alipanda juu ya paa, akaisoma barua kwa sauti kuelekea mashariki, kisha akasubiri mpokeaji atie sahihi kwenye kitabu cha barua. Jua halikutia sahihi. Hilo likaongezwa kwenye faili lake kama kosa la pili.

Hapo sasa nimtaje Bi Mashavu, kwa sababu bila yeye haya yote yangekuwa ni mambo ya wakubwa tu, na mambo ya wakubwa mimi hayanihusu.

Mwaka ule kideri kilipita Mabanda Tisa, ule ugonjwa wa kuku unaokuachia banda limejaa asubuhi na jioni unafagia manyoya. Hakikubakiza kuku wala jogoo. Kuku kwetu si kitoweo tu. Kuku ni sare ya mtoto, ni nauli ya kwenda hospitali, ni uso wako mgeni akija. Bi Mashavu, mjane mwenye mdomo mkali na mikono laini, alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku kubwa kama kabati la nguo, iliyoachwa na mradi fulani uliofungwa. Basi akina mama wa mtaa wakaenda kwa ndugu zao vijijini, wakaomba mayai, wakayabeba mapajani safari nzima ili yasitikisike, wakamletea. Mayai mia nne na themanini. Kila yai liliandikwa kwa penseli jina la mwenyewe: Mama Chiku, Babu Ngosha, Mwalimu Tatu. Yangu yalikuwa kumi na mawili, yameandikwa Bwana Mita. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye hajawahi kukosa pa kujipendekeza, alileta lake moja akaandika MHESHIMIWA WAZIRI kwa herufi kubwa, akaagiza liwekwe katikati ya trei, penye joto zuri.

"Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui," alisema Bi Mashavu akifunga mlango wa mashine. "Safari hii ataangua. Siku ishirini na moja tu, jamani. Umeme ukae siku ishirini na moja."

Aliniangalia mimi alipokuwa akisema hivyo.

Wiki ya kwanza nikazunguka na daftari langu kusoma mita, maana Wizara ilitaka kujua ni umeme kiasi gani umeokolewa. Mita haina chama. Asubuhi nilikuta taa zinawaka nyumba hadi nyumba, kwa sababu watu walikuwa wanaamka gizani, wanavaa gizani, wanapiga pasi gizani. Watoto walikwenda shule wakishikana mikono wasipoteane. Mchana, kazi zilifungwa saa kumi ya Serikali, ambayo kwa jua ni saa tisa, mabati yanaungua. Watu wakarudi nyumbani wakafungulia feni zote. Jioni, giza lilipoingia, waliwasha taa zao kama zamani na wakala kama zamani, kwa kuwa kwetu mtu hali kwa saa, anakula chakula kikiiva. Nikajumlisha. Matumizi yalikuwa yamepanda kwa asilimia tisa.

Nikapeleka kwa meneja wangu, Bwana Mtengule, mtu mwenye tumbo lililotangulia cheo chake.

"Umesoma vibaya," alisema.

"Nimesoma mara mbili, bosi."

"Ndiyo maana yamepanda. Umesoma mara mbili." Akanirudishia daftari. "Kasome mara moja, na usome kizalendo."

Nikaenda, nikasoma mara moja. Asilimia kumi na mbili.

Kikaitishwa kikao. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, pamoja na birika la chai. Wataalamu sita walizungumza. Mmoja alisema tatizo ni wananchi, hawana utamaduni wa kuokoa. Mwingine alisema tatizo ni mita, zimezoea saa za zamani. Mwishowe Mheshimiwa mwenyewe akainua kidole na ukumbi ukanyamaza.

"Umeme uliookolewa," alisema, "hauwezi kuwa unatumika. Ukitumika, haujaokolewa. Sasa nyinyi mnatafuta akiba huku mmeiacha inazurura kwenye nyaya za watu. Ikateni."

Wale wataalamu walitazamana kwa furaha, wakaandika. Amri ikatoka siku ile ile: umeme ukatwe kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja.

Amri haikusema ni saa za nani. Mkuu wa kituo cha kupozea umeme, mzee mwoga aliyekaribia kustaafu, akaisoma mara tatu. Akikata kwa saa ya jua, Wizara itamfukuza. Akikata kwa saa ya Serikali, na ikitokea Serikali ikabadilika, watamfukuza wengine. Basi akatii zote mbili. Alikata ile saa nzima ya Serikali na, palipoishia hiyo, akakata na ile ya jua. Mkuu wa Mkoa aliposikia eneo lake linakatiwa saa mbili wakati mikoa mingine inakatiwa moja, alifurahi, akaongeza nyingine mbili ili asipitwe. Hivyo ndivyo Mabanda Tisa tulivyokuwa tunakaa saa nne bila umeme, tena zile za alfajiri, ambazo baridi ndiyo inakata.

Mayai yalikuwa na siku kumi na moja.

Bi Mashavu hakulia. Alitafuta chemli nne, akaziweka kwenye uwazi wa chini ya mashine, akaifunika juu kwa blanketi zake zote mbili na kanga za majirani, akawa anaamka kila alfajiri kushika kipimajoto kama mtu anayeuguza. Yeye alilala kwenye mkeka bila shuka. Siku ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, ya kumi na nne, joto likakaa. Alimulika mayai kwenye mwanga wa taa akatuonyesha mishipa myekundu na kitone cheusi kinachotikisika. Mama Chiku alipoona lake, alikaa chini akacheka peke yake.

Lakini moshi wa chemli ulionekana dirishani, na mwanga wake pia. Na wiki ile Wizara ilikuwa imetoa Amri ya Mwanga. Amri ilisema hivi: kwa kuwa Serikali imeshatangaza kwamba saa kumi na mbili ni asubuhi, na kwa kuwa asubuhi kuna mwanga, yeyote atakayewasha taa saa hiyo atakuwa anadai kwamba hakuna mwanga, na huko ni kuikashifu asubuhi. Adhabu ni kunyang'anywa taa.

Siku ya kumi na saba, kukiwa bado giza totoro, alikuja askari, afande Kologwa. Alikuja na tochi, maana bila tochi asingeziona taa alizotumwa kuzikamata. Bi Mashavu alimuuliza hiyo tochi si kosa? Akasema tochi ni ya kazi.

Afande Kologwa ni jirani yetu. Alikuwa na mayai manane humo ndani.

"Yangu yako trei ya pili, shangazi?" aliuliza.

"Ya pili, kushoto. Yako hai yote. Nilimulika juzi."

"Alhamdulillahi," alisema, kisha akainama akazitoa chemli moja baada ya nyingine, akazipuliza, akaondoka nazo. Mlangoni aligeuka. "Nisamehe, shangazi. Ni amri."

"Nenda, baba," alisema Bi Mashavu. "Usije ukachelewa."

Kuanzia hapo palibaki blanketi na chupa za maji ya moto, tena maji yenyewe ayachemshe uani kwa mkaa, kwa kujificha, maana mkaa nao unang'aa.

Siku ya ishirini nilikwenda kusoma mita yake. Alinishika mkono bila salamu, akanivuta hadi kwenye mashine, akanisukuma kichwa mpaka sikio likagusa trei. Mwanzo sikusikia kitu. Halafu nikasikia. Humo ndani ya maganda walikuwa wanalia, sauti ndogo ndogo, wengi, kama mvua inapoanza juu ya bati. Mtu huwezi kuisikia sauti ile ukabaki na uso wa kazini.

"Wameshajua njia," alisema Bi Mashavu. "Kesho wanatoboa. Wakipoa kesho, wamekwisha, hawana nguvu ya kuanza upya. Bwana Mita, wewe ni mtu wao. Nenda ukawaambie waniachie asubuhi moja. Moja tu. Sitakuomba kitu tena mpaka nakufa."

Nikaenda. Nataka mjue kwamba nilikwenda. Nilipanda ngazi zote nne mpaka ofisini kwa Bwana Mtengule, nimeyapanga maneno yangu vizuri. Nilipofungua mlango, alisimama akanikumbatia.

"Sefu! Matumizi yameshuka! Asilimia thelathini na moja!" Alikuwa ameshika jedwali la Mabanda Tisa, limeteremka kama ngazi ya kisima. "Mtaa wako umeongoza nchi nzima. Mheshimiwa mwenyewe ameuliza, ni nani huyo msoma mita?"

Akaniletea kiti. Akaniletea soda, ya baridi, kwa mkono wake, maana ofisini kwao umeme haukatwi. Miaka kumi na saba sijawahi kukaa kwenye kiti kile. Nikakaa. Nikaifungua ile soda. Aliniuliza kama nilikuwa na shida yoyote iliyonileta.

"Hapana, bosi," nilisema. "Nilipita kusalimia."

Nikainywa mpaka chini.

Kesho yake asubuhi umeme ulikatwa kwa saa nne kama kawaida. Bi Mashavu aliyakumbatia matrei, nasikia, akayalalia kwa kifua chake mwenyewe, trei hii kisha ile, na akina mama wakaja wakachukua mayai wakayatia ndani ya nguo zao. Mimi sikwenda. Mama Chiku aliniambia baadaye kwamba walikuwa wanasikia vifaranga wanalia, halafu wanasikia wachache, halafu Bi Mashavu akasema nyamazeni nisikilize, wakanyamaza, na hapakuwa na cha kusikiliza.

Umeme ulirudi. Mashine ikaunguruma vizuri kabisa. Aliuchomoa waya wake ukutani na hakuuchomeka tena.

Wiki mbili baadaye Mabanda Tisa tulipata heshima ya kutembelewa. Jukwaa, maturubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe. Bi Mashavu alikuwa ametangazwa Mwokoaji Bora wa Umeme wa Taifa, kwa sababu mita yake, iliyokuwa inakula kuliko zote mtaani, ilikuwa haijasogea siku kumi na nne. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani yenye picha ya Mheshimiwa.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema mama huyu, mwanamke wa kawaida tu, amewaumbua wale waliosema haiwezekani. Alisema jua lenyewe limeanza kujirekebisha, na kwamba taarifa za awali zinaonyesha limewahi kwa dakika moja. Watu wakapiga makofi. Kisha akaitwa Bi Mashavu kupokea saa yake.

Alipanda jukwaani amevaa kanga safi, mkononi ana kikapu. Akaipokea saa, akainama kidogo. Akatoa yai kikapuni.

"Hili ni lako, Mheshimiwa," alisema kwenye kipaza sauti. "Jina lako lipo. Lilikaa katikati, penye joto zuri."

Mheshimiwa, ambaye ziara zake zote hukaribishwa kwa mayai ya kuchemsha, alitabasamu kwa ajili ya wapiga picha, akaligonga yai kwenye ukingo wa meza.

Lililipuka. Sina neno la heshima la kuelezea kilichotoka. Kilikuwa cheusi na cha kijani, kikaruka mpaka kwenye tai, na juu ya kitambaa cheupe pakabaki kitu chenye mdomo na manyoya yaliyolowa. Harufu ikashuka jukwaani ikatembea safu kwa safu. Na hapa ndipo niliposhangaa, jamani, mimi niliyedhani nimeyaona yote: hakuna hata mmoja aliyeziba pua. Kila mmoja alimtazama mwenzake aanze yeye. Mkuu wa Mkoa alivuta pumzi ndefu akatabasamu, machozi yakimtoka. Bwana Mtengule alimeza kitu mara mbili. Mshereheshaji akasema, "Makofi kwa Mheshimiwa," nasi tukapiga, tumeachama midomo ili tusipumue kwa pua.

Mheshimiwa alijifuta tai. Haikosekani hotuba kwa mtu yule.

"Hii inatufundisha," alisema, "kwamba yai hili halikupewa muda wa kutosha. Naagiza mayai yote nchini yaongezewe saa moja."

"Lilipewa hiyo saa, Mheshimiwa," alisema Bi Mashavu. "Ndiyo iliyoliua."

Kipaza sauti kikazimwa. Akashuka na kikapu chake na saa yake, akapita mbele ya viti vyetu. Aliponifikia alisimama, akatoa mayai kumi na mawili, akaniwekea mapajani moja moja, kwa taratibu, jina likiwa juu.

Jumatatu iliyofuata nilisoma mita yake. Fomu yetu ina sehemu mbili za kujaza: kiasi kilichopungua, na sababu ya kupungua. Kwenye sababu, wiki zote zile, tulikuwa tunaandika neno moja kwa nyumba zote: uzalendo. Siku ile nikaandika: vifaranga wamekufa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea katikati ya barabara.

Jumatano fomu ilirudi mezani kwangu. Maneno yangu yamepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni Bwana Mtengule ameandika: Rekebisha.

Nina watoto wanne. Nilirekebisha. Nikaandika uzalendo, kwa mwandiko mzuri, nikaipeleka mwenyewe, na sasa nimepandishwa cheo, nina kiti. Mke wangu hukaanga mayai asubuhi, taa zikiwa zinawaka, na watoto wanakula wakawahi shule. Mimi natoka nje mpaka wamalize.